Kijana wangu amepunguzwa kazini Texas: aombe malipo au arudi nyumbani?

SWALI: Dada, salamu kutoka Kondele. Kifungua mimba wangu yuko Houston, ana grin kadi. Aliajiriwa kwenye ghala Juni mwaka jana, na mwezi huu wa Mei wamepunguza wafanyakazi, naye yumo. Wenzake wanamwambia aombe malipo ya serikali ya waliopoteza kazi. Hataki. Anasema huko ni kuombaomba, na grin kadi itaondoka. Mimi nimemwambia aombe, kisha aje apumzike Kisumu miezi miwili, pesa zimkute hapa. Nimekosea?
Mama wa Kondele, Kisumu

JIBU: Mama, kuhusu kuomba umesema kweli. Kuhusu safari, tafadhali mzuie.

Nilipokuwa Marekani nikihudumia wazee, tulipunguzwa pia. Barua ile niliikunja nikaitia ndani ya Biblia, nikakaa chumbani wiki tano nikila wali na maharagwe ya mkebe, kwa aibu tu. Nilipoomba hatimaye, dai lilihesabiwa kuanzia wiki niliyoomba. Zile tano zilikuwa zimepotea, na kodi ya nyumba ilikuwa inanidai. Sitaki kijana wako apitie hayo.

Mwambie hii ni bima. Iliwekwa mwaka 1935, enzi ya Rais Franklin Roosevelt, na huko Texas ni waajiri wanaoichangia kupitia kodi. Aliyepoteza kazi bila kosa lake ndiye aliyekusudiwa. Sheria haidai uraia, inadai kibali cha kufanya kazi, na grin kadi ni kibali tosha. Kuomba kwa ukweli hakumnyang'anyi kadi yake. Kudanganya ndiko hatari.

Kila jimbo lina kanuni zake. Lake linasimamiwa na Texas Workforce Commission, na dai hujazwa kwenye tovuti yao au kwa simu. Akiomba Mei, wataangalia mishahara ya Januari hadi Desemba mwaka jana, wakiigawa kwa robo za miezi mitatu mitatu. Lazima awe amelipwa katika zaidi ya robo moja. Yeye ana tatu. Tuseme Juni alipata dola 3,000, kisha 9,000 Julai hadi Septemba na 9,000 Oktoba hadi Desemba. Robo kubwa hugawanywa kwa 25, hivyo anapata dola 360 kwa wiki. Mishahara yote inapaswa kufika mara 37 ya hizo 360, yaani dola 13,320, naye ana 21,000. Amepita. Ila asidhani atalipwa wiki 26 nzima kama wanavyosimuliana, kwa sababu jumla haivuki asilimia 27 ya mishahara hiyo. Kwake ni dola 5,670, kama wiki kumi na tano na ushee. Na malipo hayo hutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu.

Sasa safari. Kila baada ya wiki mbili anaomba malipo upya, na huulizwa: uliweza kufanya kazi, ulikuwa tayari kuanza, ulitafuta wapi? Aliyeketi Kondele akila omena ya mama hawezi kuitwa kazini Houston kesho asubuhi. Akijibu ndiyo, amedanganya; atarudisha pesa zote na faini ya asilimia 15 juu yake. Aje akishapata kazi mpya na likizo.

Kwenye sababu ya kuacha kazi aandike kwamba walipunguzwa, basi, asiongeze hadithi. Mwajiri naye huulizwa. Wakikataa dai, ana siku 14 tangu barua ilipotumwa kukata rufaa, na huku akingoja aendelee kuomba malipo kila wiki mbili.

Inaniuma kuandika haya nikiwa Nakuru. Dada zetu wa mashamba ya maua Naivasha wakipunguzwa hawana mfuko kama huo. Sheria ya Ajira ya 2007 inawapa notisi ya mwezi na mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka waliomaliza, na wengi hata hizo huzifuatilia kwa miguu hadi ofisi ya leba.

Mpigie leo saa mbili usiku, kwake itakuwa saa sita mchana. Awe na namba ya hifadhi ya jamii, namba iliyo kwenye grin kadi, anwani ya mwajiri na tarehe ya siku ya mwisho kazini. Akituma kabla ya Jumamosi kwisha, dai linahesabiwa tangu Jumapili iliyopita.