Unavyoweza kuipima lenzi ya zumu kabla hujatoa hela

Mtu akitafuta lenzi ya pili ya kamera yake, swali la kwanza huwa lilelile: "Inavuta mpaka wapi?" Anataka milimita 135, anataka 200, akipewa 250 ndiyo kabisa (namba kubwa huvuta mbali, ndogo huona pana). Inaanzia wapi, hakuna anayeuliza. Mimi napiga send-off, vipaimara, mahafali na sherehe za nyumbani, na lenzi inayokaa kwenye kamera yangu kutwa nzima naihukumu kwa mambo mawili kabla ya mengine yote: upana wake ikiwa haijavutwa, na mwanga inaoupitisha ikiwa imevutwa.

Tuanze na upana, maana ndipo watu wengi wanapolizwa. Kamera nyingi za DSLR (zenye kioo ndani kinachopeleka picha kwenye dirisha la kuchungulia) zilizoko mikononi mwetu, kama Canon 600D na 700D au Nikon D3200 na D5300, zina sensa (kile kibamba cha ndani kinachopokea picha) ya APS-C, ndogo kuliko ile ya fulu fremu, yaani yenye ukubwa wa filamu ya zamani. Sensa ndogo inakata kingo za picha, kwa hiyo lenzi inaonekana kama imevuta zaidi: kwa Canon unazidisha kwa 1.6, kwa Nikon 1.5. Lenzi ya 18-55mm inayokuja ndani ya boksi, ukiifunga kwenye Canon ya namna hiyo, inaona kama 29-88 ya fulu fremu.

Sasa chukua sebule. Umesimama mita 4 kutoka kwenye kochi na mgongo umeshagusa kabati la vyombo. Kwa milimita 18 unapata upana wa karibu mita 5: bibi harusi, wazazi, mashangazi wote na mtoto wa jirani aliyejipenyeza. Kwa milimita 24 unapata mita 3.7 tu, na shangazi wa pembeni anabaki nusu. Hakuna namna ya kurudi nyuma, ukuta ni ukuta. Ndiyo maana huwa nashangaa mtu mwenye 700D anapojinyima miezi anunue Canon 24-105mm f/4L kwa sababu ya ile pete nyekundu, alama ya lenzi za L za bei kubwa. Ni lenzi nzuri, imekuwepo tangu 2005, na kwenye 5D au 6D, ambazo ni fulu fremu, ndiyo lenzi ya kila siku hasa. Kwenye sensa ndogo inaanzia kama 38. Utakuwa unapiga picha za familia kupitia mlangoni.

Upande wa pili, 18 ina kasoro yake: watu wa pembeni mwa fremu hutanuka. Ukiwa na nafasi, rudi nyuma na uvute mpaka 24 au 30, na mwenye mwili mkubwa usimweke mwisho wa mstari. Atakukumbuka kwa ubaya.

Kabla hujaenda dukani, fungua picha zako za zamani. Kila picha imebeba ndani yake milimita, tundu (mwanya wa mwanga ndani ya lenzi), kasi (muda sensa inapokea mwanga) na ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) iliyopigiwa. Ukiwa na Lightroom, programu ya kuhariri picha, sehemu ya kuchuja picha inakuruhusu kuzipanga kwa milimita. Bila Lightroom, kompyuta ya Windows inakuonyesha ukifungua sifa za faili. Tazama picha zimerundikana wapi. Zikijaa kwenye 18, lenzi ndefu haitakusaidia kitu. Zikijaa kwenye 55, jiulize kama ulikuwa unahitaji kuvuta zaidi au ulikuwa unaona haya kumsogelea mtu. Wapiga picha wachanga wengi ni hilo la pili, na dawa yake haiuzwi Kariakoo.

Mwanga sasa. Mbele ya lenzi ya boksi pameandikwa 1:3.5-5.6. Yaani ikiwa kwenye 18 tundu linafunguka mpaka f/3.5, na ukivuta mpaka 55 linaishia f/5.6. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Nje, saa nne asubuhi, hutagundua chochote. Ingia ukumbini saa tatu usiku, MC ameomba taa zipunguzwe maharusi waingie, zimebaki zile za zambarau tu. Kwa f/2.8 pengine unaponea kwenye ISO 1600 na kasi ya 1/100. Kwa f/5.6 mwanga unaofika kwenye sensa ni robo ya huo. Ama upandishe ISO mpaka 6400, ambayo kwenye 600D ndiyo mwisho wa kawaida na picha inajaa chengachenga, ama ushushe kasi mpaka 1/25 na bibi harusi anayetembea atoke amefifia sura yote.

Hapo mtu hudakia: lenzi yangu inatuliza mtikisiko. Canon huandika IS, Nikon VR, Sigma OS, Tamron VC, na ni kitu cha maana sana. Mimi singenunua lenzi ya kila siku isiyo nacho. Ila kinachotulizwa ni mkono wako. Aliye mbele yako akicheza, anacheza vilevile. Kwa picha ya keki au mapambo ya ukumbi unashuka kasi unavyotaka, kwa watu wanaoserebuka huna ujanja isipokuwa tundu kubwa au flashi.

Faida nyingine ya lenzi ya f/2.8 isiyobadilika: ukiwa umeseti kila kitu kwa mkono, unavuta na kurudisha bila picha kubadilika mwanga. Kwa lenzi ya boksi, ukifungua tundu lote kwenye 18 kisha ukavuta, picha inaingia giza katikati ya tukio. Kwenye video ndiyo aibu kabisa, mteja anaona.

Kuna kitu kimoja wauzaji hawakitaji: lenzi inaweza kukisogelea kitu kiasi gani ikaendelea kufokasi. Canon 18-55mm yenye IS inafokasi kuanzia sentimita 25, ikihesabiwa kutoka kwenye sensa. Canon 17-55mm f/2.8, ambayo bei yake ni ya mbali kabisa, inataka sentimita 35, na kitu kinatoka kidogo kwenye fremu. Ukipiga pete juu ya kadi ya mwaliko, lenzi ya boksi inampiga bao kaka yake. Kwa hiyo usiiuze kwa bei ya kutupa ukishapata nyingine. Iache kwenye begi kwa pete, hina, na sahani za chakula.

Tuje kwenye kipimo chenyewe. Lenzi mbili za aina moja, zilizotoka kiwanda kimoja, huwa hazilingani. Ile 17-55mm ina vioo 19 ndani yake; kimoja kikikaa upande kidogo, au lenzi ikiwa iliwahi kuanguka, kona moja ya picha inapoteza ukali. Muuzaji hatakwambia, na pengine mwenyewe hajui.

Mimi hupimia khanga. Pindo lake ni mistari iliyonyooka pande zote nne, kwenye kona kuna marembo, na chini katikati kuna maandishi. Karatasi maalumu ya vipimo ya nini tena? Ipige pasi, ibane ukutani mahali penye mwanga wa mchana, iwe imenyooka bila mkunjo. Weka kamera kwenye stendi, usawa wa katikati ya khanga, iangalie ukuta moja kwa moja bila kuinama wala kupinda. Zima kituliza mtikisiko, ISO 100, tumia saa ya kujipiga ya sekunde 2 ili usiitikise kwa kidole. Fokasi kwenye maua ya katikati, piga tundu likiwa wazi kabisa, kisha piga kwa f/8. Fanya hivyo kwenye 18, kwenye 35 na kwenye 55, ukisogeza stendi ili khanga ijaze fremu kila mara.

Kwenye kompyuta, kuza mpaka asilimia 100 na utembee kona hadi kona. Kwenye 18 utaona pindo limetuna kidogo kwenda nje. Ni kawaida kwa zumu zote za namna hii, na Lightroom inalinyoosha kwa kubofya mara moja. Kona zimeingia kivuli kidogo tundu likiwa wazi? Kawaida pia. Kona zote nne hazina ukali kama katikati, lakini zinalingana, na kwenye f/8 zinapata nafuu? Lenzi iko sawa, ndivyo ilivyobuniwa. Kinachotakiwa kukuamsha ni kona moja peke yake iliyokataa, tuseme ya juu kulia, wakati wenzake watatu wanasomeka nyuzi kwa nyuzi.

Kabla ya kumlaumu mtu, igeuze kamera kichwa chini miguu juu na upige tena. Ubovu ukihamia kona ya chini kushoto ya khanga, tatizo ni la lenzi, irudishe ilikotoka. Ukibaki palepale juu kulia, basi khanga haikubanwa vizuri au stendi imekaa upande. Kipimo hiki hakina gharama na kinamaliza ubishi.

Halafu pima fokasi. Elekeza kamera kwenye maandishi ya khanga, tundu wazi, piga mara kadhaa ukitumia dirisha la kuchungulia, kisha piga kwa kutumia skrini ya nyuma. Skrini ikitoa herufi kali na dirisha likatoa herufi zilizolegea kila mara, lenzi na bodi hiyo (kamera yenyewe) hazipatani: fokasi inaangukia mbele au nyuma. Canon 7D na 70D zina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye menyu. 600D na 700D hazina.

Kwa lenzi iliyokwisha kutumika, ambazo ndizo wengi wetu tunanunua, nenda na bodi yako na betri iliyojaa. Usikubali kuijaribu lenzi kwenye kamera ya muuzaji. Zungusha pete ya zumu taratibu: ikikwama mahali fulani au ikikwaruza kama ina mchanga, ina mchanga. Ielekeze chini, lenzi ndefu za zamani nyingine hujishusha zenyewe, jambo linaloudhi lakini haliui. Kisha piga kwenye f/8 na f/11, ikiwa pana na ikiwa imevutwa. Wengi wanajaribu tundu likiwa wazi tu, na ugonjwa wa waya wa ndani unajificha humo: wazi inapiga vizuri, ukiamuru tundu lifunge kamera inagoma na kuandika Err 01. Wakati mwingine ni uchafu kwenye vile vidoti vya dhahabu vya nyuma, unaufuta kwa kitambaa kikavu na mambo yanaisha. Ikirudi tena, mwachie mwenyewe, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwisho, tochi. Imulike kutoka nyuma huku ukichungulia mbele, ukiiinamisha huku na huku. Lenzi za Canon hubaki wazi zikitolewa kwenye kamera; za Nikon za kawaida itabidi usukume kikono kidogo cha nyuma ili tundu lifunguke. Vumbi utaliona, lisikutishe, halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama mizizi: ndiyo kuvu. Kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, huu ndio ugonjwa wa kwanza wa lenzi, kwa sababu ya unyevu. Unakula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo, na hata fundi akiisafisha alama hubaki. Hiyo usinunue hata kwa bei ya chai.

Wenye Nikon, angalieni herufi zilizoandikwa kwenye lenzi. Bodi za D3000 na D5000 na ndugu zake hazina mota ya kufokasi ndani, kwa hiyo lenzi iliyoandikwa AF bila S wala P mtaifokasi kwa mkono. AF-P nazo hazifokasi kwenye bodi za zamani kama D90 na D3000. Wenye Canon wanaoota fulu fremu wajue EF-S, lenzi zilizotengenezwa kwa sensa ndogo, haiingii kabisa kwenye 5D wala 6D.

Ningechagua ipi? Kwa anayepiga sherehe ndani ya kumbi na ana sensa ndogo, Sigma 17-50mm f/2.8 OS. Canon 17-55mm ina fokasi tulivu zaidi, lakini inasifika kwa kuvuta vumbi ndani na kofia yake ya kuzuia jua inauzwa pembeni. Zote mbili zinatumia filta ya milimita 77, weka hilo kwenye bajeti. Anayesafiri, anayepiga nje mchana au anayetengeneza video za mtandaoni, Canon 18-135mm STM (jina la mota yake ya kufokasi) inamtosha: inaanzia 18, mota yake haisikiki kwenye maikrofoni, na usiku flashi itamsaidia. Wa mahafali uwanjani, hiyohiyo. Na mwenye lenzi ya boksi ambaye bado hajachoka nayo, anunue flashi kwanza.

Bei nazo ziko upande wa mnunuzi. Tangu 2018 Canon na Nikon walipotoa kamera zao za R na Z zisizo na kile kioo cha ndani cha DSLR, wengi wanahama na kuziacha lenzi za DSLR sokoni. Ukija kuhama na wewe, EF na EF-S zinafanya kazi kwenye R kwa adapta, fokasi na vyote. Kwa Nikon Z, adapta inazifokasisha AF-S na AF-P, zile za AF za zamani hapana.

Ukishainunua, usiifungie kwenye mfuko wake wa ngozi kabatini. Tafuta kopo la plastiki linalofunga kwa mpira, tupia vifuko vya silika ndani, ikiwezekana zile punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishashiba unyevu. Zikigeuka, zikaushe kwenye oveni moto mdogo mpaka rangi irudi, uziache zipoe, ndipo uzirudishe kwenye kopo.