Je, kifuko cha miski hudondoka chenyewe?

Swali: Muuza manukato mmoja hapa Muscat ananishawishi ninunue kifuko cha miski kutoka Nepal. Anasema paa wa miski hujisugua tumbo kwenye mawe mpaka kifuko kinadondoka, kwa hiyo mnyama hauawi, na kwamba miski hiyo hutibu moyo. Je, nimwamini?

Jibu: Usimwamini. Hadithi ya mawe ni ya kale, ilikuwamo hata katika maandishi ya Waarabu wa zamani, na inanisikitisha kuona kwamba bado inatumika kumtuliza mnunuzi mwenye huruma. Kifuko hicho ni tezi ya dume aliyekomaa, iliyo chini ya ngozi ya tumbo karibu na kitovu, na ni kiungo cha mwili wake kama lilivyo ini. Hakipukutiki kama jani. Ukikiona kimekaushwa na kuuzwa kizima, fahamu kwamba kimekatwa, na kwa kawaida aliyekatwa alikwisha kuuawa.

Yapo mashamba nchini China, tangu miaka ya 1950, ambako miski huchokolewa kwenye tezi huku dume akiwa hai, lakini huko hutoka unga, tezi hubaki mwilini. Mwituni hali ni nyingine kabisa. Mnyama huyu mdogo, asiye na pembe na mwenye machonge marefu yanayochomoza chini ya mdomo, huishi peke yake katika misitu ya milimani na hupita njia zilezile kila siku, jambo linalomrahisishia mtega vitanzi kazi yake. Kitanzi hakichagui: hunasa pia majike na watoto, ambao hawana miski hata chembe. Tezi moja hutoa takriban gramu 25, kwa hiyo kilo moja ni madume 40, mbali na hao waliokufa bure.

CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, unakataza biashara ya kimataifa ya paa wa miski wa Nepal, India, Bhutan na Pakistan, kwa hiyo hata kama muuzaji wako hana hila, bidhaa yake haramu inaweza kukutia matatani uwanja wa ndege.

Kuhusu tiba, kwa maneno haya haya watu huuziwa pembe za faru na magamba ya kakakuona, na wagonjwa huchelewa kufika hospitali kwa sababu yake. Vifuko vingi, isitoshe, hujazwa damu iliyokaushwa. Ukipenda harufu tu, miski nyeupe ya madukani hutengenezwa maabara, wala haihitaji mnyama yeyote.