Kabla Hujataja Jina la Mnyama: Ushauri kwa Wanaoanza Kutambua Wanyamapori Mtandaoni

Masika yanapoingia na watalii kupungua, waongozaji wengi wa Arusha na Moshi hukaa nyumbani wakisubiri msimu urudi mwezi wa sita. Katika kipindi hicho hupata muda wa kuuliza namna ya kujitolea kutambua wanyamapori katika picha zinazowekwa mtandaoni, na swali hilohilo huulizwa na vijana wanaosoma Chuo cha Mweka, chuo cha usimamizi wa wanyamapori, ambao wanataka kuzoeza macho yao kabla ya kwenda porini kwa mafunzo ya vitendo. Ninaifanya kazi hii kwa mapenzi, na ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayeanza, ambao ndio ninaousisitiza kuliko mwingine wowote, ni kwamba jibu lako lisizidi kile ambacho picha inaonyesha.

Sisi tuliokulia karibu na wanyama hawa ndio hasa tunaopaswa kulizingatia jambo hilo. Mwongozaji aliyezoea porini humjua mnyama kwa mwendo wake, kwa sauti yake, kwa saa anayotoka na kwa aina ya nyasi anazopenda, mara nyingi kabla hajaona hata rangi ya manyoya. Picha haina mwendo wala sauti. Ujuzi wako wote wa porini bado una thamani kubwa, lakini mbele ya picha unapaswa kuuliza swali jipya: ni alama gani ninayoweza kumwonyesha mtu mwingine kwa kidole?

Kazi yenyewe ina sura mbili. Ya kwanza ni kupitia picha za kamera za mtego, yaani kamera zinazofungwa mtini au kwenye nguzo na kujipiga zenyewe mnyama anapopita. Ya pili ni kuthibitisha picha zilizopigwa na watu kwa simu au kamera zao na kuwekwa katika hazina ya pamoja. Namna ya kujibu inatofautiana, nami nitaanza na ya kwanza.

Mradi wa kamera za mtego ulio karibu nasi zaidi ni Snapshot Serengeti. Mwaka 2010 mtafiti Ali Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota alianza kuweka kamera ambazo zilifikia 225, zilizotawanywa katika kilomita za mraba 1,125 za Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, katika eneo ambalo simba wake wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti tangu George Schaller aanze kazi hiyo mwaka 1966. Picha zikawa nyingi kuliko macho ya watafiti, na Desemba 2012 zikafunguliwa kwa umma kupitia Zooniverse, jukwaa la mtandaoni ambako watu hujitolea kuwasaidia watafiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalieleza juu ya seti milioni 1.2 (seti ni picha chache ambazo kamera hupiga kwa mfululizo mmoja), zilizopitiwa na zaidi ya watu 28,000 waliojisajili, ambao kwa jumla walitoa majibu milioni 10.8. Watafiti walipolinganisha majibu ya pamoja na majibu ya wataalamu katika picha 4,149, walikuta yanaafikiana kwa asilimia 96.6 katika kutaja aina ya mnyama, na kwa takriban asilimia 90 katika kuhesabu idadi.

Takwimu hizo zinatia moyo, ila mgeni azisome kwa makini. Usahihi huo ulitokana na watu wengi kuitazama picha moja bila kuona majibu ya wenzao, kisha majibu yakajumlishwa. Aidha, wanyama wa kawaida kama nyumbu na pundamilia huvuta wastani juu. Wanyama adimu ndio wanaokosewa zaidi, na hao ndio mara nyingi mtafiti anaowahitaji kuliko wote.

Kuna kanuni moja ya mradi huo ambayo ningependa kila mgeni aielewe. Kati ya seti zile milioni 1.2, ni 322,653 tu zilizokuwa na wanyama. Zilizobaki zilikuwa ni nyasi zilizotikiswa na upepo, kivuli kilichosogea au jua lililopiga kioo. Ili watu wasichoshwe na picha tupu, iliwekwa kanuni kwamba majibu matano ya kwanza yakisema hakuna mnyama, picha inaondolewa na haionyeshwi tena. Kwa mnyama mwenye utata watu hadi 25 wangeweza kuulizwa, lakini kwa picha iliyodhaniwa tupu watano walitosha. Maana yake ni kwamba unapochoka na kubonyeza kwa haraka kwamba hakuna kitu, jibu lako lina uzito mkubwa kuliko unavyodhani. Kabla ya kubonyeza, pitisha jicho kwenye kingo zote nne za picha, kisha kwenye mstari ambapo nyasi zinakutana na anga, kwa sababu hapo ndipo sikio au ncha ya pembe hujitokeza. Picha za mchana zikija tatu mfululizo, zilinganishe: kitu kilichobadilika kati ya ya kwanza na ya tatu ndicho cha kuchunguza. Usiku tafuta nukta mbili za macho zinazong'aa, na ukiziona bila mwili, usilazimishe jina.

Nikupe mfano wa swala, kwa kuwa hao ndio wanaowasumbua wageni kuliko simba na tembo. Swala tomi na swala granti hula pamoja katika mbuga zilezile, na wengi wamefundishwa kwamba tomi ndiye mwenye mstari mweusi ubavuni. Fundisho hilo halitoshi, kwa sababu granti wachanga na baadhi ya majike nao huwa na mstari wa giza ubavuni. Tazama makalio. Kwa granti, weupe hupanda juu ya shina la mkia na kuingia mgongoni. Kwa tomi, weupe huishia chini ya mkia, na mkia wenyewe ni mweusi. Ukubwa haukusaidii katika picha ya mnyama mmoja, maana tomi aliye karibu na kamera huonekana mkubwa kuliko granti aliye mbali. Ikiwa mnyama ameikabili kamera na makalio hayaonekani, angalia picha inayofuata katika seti kabla ya kuamua. Swala pala ni rahisi zaidi: ana mistari myeusi makalioni na kishungi cha manyoya meusi juu ya kwato za miguu ya nyuma, na jike hana pembe.

Fisi nao wanastahili uangalifu wa aina hiyo, hasa usiku ambapo kamera hunasa kichwa na mabega tu. Masikio ya mviringo ni ya fisi madoa. Yaliyochongoka ni ya fisi miraba au fisi mdogo, na kuwatofautisha hao wawili kunahitaji kuona mwili zaidi ya hapo.

Kuhusu mahali, mwenyeji ana faida ambayo mtu wa mbali hana. Chukua kuro. Upande wa mashariki wa Bonde la Ufa, kuro ana duara jeupe makalioni. Upande wa magharibi, ikiwamo Serengeti, ana bakabaka jeupe lililojaa. Anayejua hilo atashtuka ipasavyo akiona picha ya kuro mwenye duara iliyoandikwa kwamba imepigwa Serengeti, na ataangalia kama mahali palijazwa kwa makosa. Hata hivyo, mahali pasigeuke kuwa ndiyo jibu. Sentensi ya kwamba huku kwetu wanyama hao ni wengi haijawahi kuwa ushahidi juu ya mnyama aliyemo katika picha, na maeneo ambayo aina mbili hukutana ndiko huzaliwa machotara.

Sura ya pili ya kazi, ya kuthibitisha picha za watu, hufanyika zaidi kwenye iNaturalist, jukwaa la mtandaoni ambako watu huweka picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua, lililoanza mwaka 2008 kama kazi ya masomo ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hapo kila mtu anaona wenzake wamejibu nini, na hilo linabadilisha kila kitu. Picha yenye tarehe na mahali hupanda hadi daraja la utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotambua wanapoafikiana juu ya spishi, na watu wawili tu wanatosha. Baada ya hapo taarifa hiyo inaweza kwenda kwenye GBIF, hazina ya kimataifa ya taarifa za viumbe, yenye makao yake Copenhagen, ambako watafiti huichukua bila kujua kwamba wa pili alikubali kwa sababu tu wa kwanza ni mtu maarufu. Bonyeza kukubali pale tu ambapo ungefikia jina hilo mwenyewe kama usingeona jibu la mtu yeyote.

Ndege wakubwa wanaolia juu ya mikuyu hapa Arusha ni mfano mzuri. Hondohondo tuliyemzoea mjini ni Bycanistes brevis, lakini ukanda huu wa kaskazini mashariki ya Tanzania una pia Bycanistes bucinator. Ndege akiruka, wa kwanza ana mabawa meusi mpaka ukingoni na weupe mgongoni. Wa pili ana ukingo mweupe nyuma ya bawa. Sasa mtu ameweka picha ya kivuli cheusi kwenye tawi, mdomo mkubwa unaonekana, mgongo na mabawa hayaonekani. Andika Bycanistes, kwa kiwango cha jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, na usimame hapo. Wageni wengi hudhani kwamba jibu la jenasi ni kushindwa, ilhali ni mchango kamili: linaipeleka picha mbele ya wajuzi wa kundi hilo, na halidai lisilojulikana.

Mapendekezo ya majina ambayo kompyuta ya iNaturalist hutoa yatumie kama orodha ya kuanzia. Kwa wanyama wakubwa na ndege wa kawaida hufanya vizuri. Kwa wadudu, vyura na mimea yetu mara nyingi huegemea spishi za mabara mengine, kwa sababu huko ndiko picha zilikopigwa nyingi. Na usisahau kuweka alama kwamba kiumbe kimepandwa au kinafugwa pale inapohusika. Jakaranda zinazopamba mitaa ya Arusha zililetwa kutoka Amerika ya Kusini na kupandwa, na zikiingizwa kama miti ya porini zinaharibu ramani.

Wengi wetu tunatumia simu na bando dogo. Picha ikigoma kufunguka kikamilifu, iache hadi mtandao utakapokuwa mzuri, kwa maana ukungu wa picha ambayo haijamaliza kupakuliwa huyeyusha madoa na mistari, na hapo mondo huweza kufanana na duma. Ongeza mwanga wa kioo, vuta picha karibu, na usifanye kazi hii ukiwa kwenye daladala.

Utakapotofautiana na mtu, taja alama na si cheo chako. Kwa mkubwa wako inatosha kuandika: "Shikamoo mzee wangu, naona weupe unaishia chini ya mkia, ndiyo maana nimeandika tomi, naomba unitazamie tena." Akikuonyesha alama ambayo hukuiona, badilisha jibu lako siku hiyohiyo, kwa kuwa jibu lililoachwa huendelea kuhesabiwa hata kama mwenyewe ameshaliacha moyoni.

Jambo la mwisho linawahusu hasa waongozaji, ambao hupiga picha nzuri na mpya kila siku ya safari. Simu huandika mahali ndani ya picha. Kwa spishi zilizo hatarini, iNaturalist huficha mahali halisi na kuonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kwa 0.2, ambao katika latitudo zetu ni takriban kilomita 22 kila upande. Ufichaji huo hauna maana ikiwa kwenye maelezo umetaja kambi, mto au jina la kilima kinachoonekana nyuma ya faru. Kwa faru na kakakuona, chagua mwenyewe kuficha mahali hata kama mfumo haujakulazimisha, acha maelezo ya mazingira nje, kata sehemu ya picha inayoonyesha alama za eneo, na uitume siku kadhaa baada ya wageni wako kuondoka hifadhini.