Maswali na majibu: Helmeti haioshwi kwa petroli

Barua za safari hii karibu zote ni za polikaboneti, plastiki ngumu inayoweza kupitisha mwanga, na michanganyiko yake, na nusu yake zinanuka petroli. Nimechagua hizi.

Nimeona helmeti imeandikwa PC+ABS. Muuzaji wa duka la pili akasema hiyo imechakachuliwa, nitafute ya polikaboneti tupu. Ni kweli? (Bodaboda, Tanga)

Huyo alikuwa anauza ya kwake. Kuchakachua ni kumimina mafuta ya taa kwenye dizeli. Kuchanganya PC, yaani polikaboneti, na ABS, plastiki nyingine, kuna sababu zake. Polikaboneti peke yake haivunjiki kirahisi na hailegei mpaka karibu nyuzi 147, lakini ni nzito kutiririka kwenye kalibu, inataka joto la kama nyuzi 300. Halafu ina aibu moja ambayo wauzaji hawaitaji: ikishapata mkwaruzo mkali, hasa pale ilipo nene, pigo linaweza kuipasua ghafla. ABS ina chembe za mpira ndani yake. Vikiungana, joto la kiwandani linashuka hadi kati ya 240 na 280, kalibu inajaa vizuri, na ufa ukianza unakutana na mpira unaouzuia.

Unachopoteza ni uangavu, kwa sababu viwili hivyo havichanganyiki kabisa na mwanga unatawanyika katikati yake, pamoja na sehemu ya ustahimilivu wa joto. Sasa helmeti inayoonyesha nywele ni ya nini? Tazama nembo ya kiwango, kwa mfano ECE 22.06, kisha chungulia ndani. Ganda linatawanya pigo, povu jeupe linabonyea badala ya kichwa chako. Isiyo na povu ni bakuli.

Nilitoa stika kwenye helmeti kwa petroli. Sasa kuna vistari kama utando wa buibui. Nipulize rangi?

Itupe.

Hili nimelijibu mpaka kalamu imechoka, lakini haya. Ganda likitoka kwenye kalibu linabaki na mkazo ndani yake. Petroli, thina na asetoni hupenya hapo na kuifungua plastiki bila hata kugongwa. Rangi ya kupuliza nayo ina thina, kwa hiyo ungeongeza ugonjwa na kuufunika. Povu la ndani ni polistireni, ambayo petroli huiyeyusha. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo yanatosha. Stika ikigoma, iache. Haijawahi kumuua mtu.

Dawa ya meno inasafisha taa za gari zilizofifia?

Kwa muda mfupi. Kilichokufa ni koti la juu linalozuia jua. Ukilisugua lote bila kupaka jingine, unjano utarudi mbio kuliko mwanzo. Swali hili sitalijibu tena mwaka huu.

Bampa limepasuka, fundi anataka kuliunga kwa supaglu. Nimruhusu?

Mwambie kwanza aligeuze asome maandishi ya ndani. Yakiwa >PP+EPDM<, na mengi ndivyo yalivyo, supaglu itashika mpaka tuta la kwanza. Hilo ni plastiki ya PP iliyochanganywa na mpira wa EPDM, nalo huchomelewa kwa joto na waya wa PP. Yakiwa >PC+PBT<, piga msasa utumie gundi ya epoksi. PBT, plastiki nyingine, iliingizwa humo makusudi ili plastiki isiogope mafuta na petroli. Ford Sierra ya 1982 ilikuwa na bampa za aina hiyo. Fundi asiyejua kusoma alama hizo anakisia kwa hela yako.

Mabati ya polikaboneti kwenye baraza langu yamepasuka kila penye skrubu. Hayajamaliza mwaka. Nimshtaki aliyeniuzia? (Kigamboni)

Kabla ya kumshtaki, mtafute aliyeyafunga. Plastiki hii hutanuka karibu milimita 0.065 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto. Bati la mita 6 likipishana nyuzi 30 kati ya alfajiri na jua la utosi, linatafuta karibu milimita 12 za kusogea. Fundi akitoboa tundu saizi ya skrubu kisha akakaza mpaka washa, ile pete laini chini ya kichwa cha skrubu, ichungulie nje, bati litajitafutia nafasi lenyewe kwa kupasuka. Tundu liwe pana kuliko skrubu kwa milimita kadhaa, na ukazaji uishie pale washa inapogusa.

Mengine mawili hukuniuliza. Washa za PVC laini hutoa mafuta yanayoila polikaboneti, basi dai za mpira wa EPDM. Silikoni inayonuka siki nayo usiiweke, ipo isiyonuka hivyo. Tena angalia upande. Mabati mengi yana tabaka la kuzuia jua upande mmoja tu, na umeandikwa kwenye nailoni ya juu. Nimewaona mafundi wakiichana nailoni yote chini, kabla ya kupanda, halafu wanakisia wakiwa juu ya paa.

Dumu la maji la lita 18.9 lina namba 7. Ni sumu?

Namba 7 maana yake ni "nyinginezo", si jina la plastiki. Mengi ya zamani ni polikaboneti, inayotengenezwa kwa kemikali ya bisfenoli A. Ulaya ilizuia chupa za watoto za aina hiyo mwaka 2011, na Desemba 2024 ikapitisha marufuku pana ya kemikali hiyo kwenye vyombo vya chakula, kwa kipindi cha mpito. Inayovuja kwenye maji baridi ni kidogo sana. Joto na sabuni kali huiongeza. Kwa hiyo dumu lisipangwe juani nje ya duka, na mimi lililojaa ukungu wa mikwaruzo silipokei.

Nina maganda mengi ya kompyuta kuukuu, PC+ABS. Niyasage nitengeneze vikombe?

Vikombe hapana! Maganda hayo yana dawa za kuzuia moto, na ya zamani zaidi huenda yana bromini. Tengeneza vishikio au masanduku ya swichi. Yakaushe kwa muda wa saa tatu hadi nne kwenye nyuzi 90 hadi 100 kabla ya kuyeyusha, la sivyo unyevu utaikatakata polikaboneti na utatoa vitu vyenye michirizi ya fedha vinavyovunjika kama biskuti.