Nirudishieni kikapu changu

Mmetuuliza wiki hii: mzee aliyestaafu afanye nini ili moyo wake usichoke mapema? Najibu kama dereva wa zamani. Nimeendesha basi la Tanga–Dar es Salaam miaka 27, na kazi yenyewe ilikuwa kukaa. Aliyehangaika ni utingo wangu. Msimu wa machungwa pale Muheza, gari halijasimama sawasawa yeye keshaparamia ngazi ya nyuma, anapanga magunia kwenye keria, anashuka, anapanda tena. Mimi nimeegemea usukani nakunywa soda. Leo tumezeeka wote. Yeye huja kwangu Ngamiani kwa miguu kutoka Mikanjuni. Mimi nina presha, vidonge viwili kila asubuhi.

Nilidhani ni bahati tu, mpaka mjukuu wangu anayesomea uuguzi aliponisimulia habari za daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris. Mwaka 1953 alichapisha utafiti kuhusu mabasi ya ghorofa ya London: madereva waliokaa kutwa waliugua moyo kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Nilicheka mpaka nikakohoa. (Niseme kweli: mimi nilivuta sigara, utingo hakuvuta. Siitwishi ngazi sifa zote.)

Sasa jibu langu. Kilichokuwa kinaniua mimi ni huruma ya wanangu. Nilipostaafu walininunulia kiti cha kuegemea, na kila nikiinuka nasikia, "Baba kaa, tutakuletea." Maji yanaletwa, gazeti linaletwa, hata rimoti. Kikapu cha sokoni akapewa binti wa kazi. Mwaka wa pili nikawa nafika msikitini nahema, na msikiti uko nyumba ya sita kutoka kwangu.

Nikadai kikapu. Siku hizi baada ya sala ya alfajiri nakwenda soko la Mgandini, mwendo wa kuweza kuzungumza na mtu, ila nikijaribu kuimba pumzi inakata. Kipimo hicho nilipewa na nesi. Shirika la Afya Duniani linataka tufikishe angalau dakika 150 za mwendo huo kwa wiki, na sisi wa miaka 65 kwenda juu tuongeze siku 3 za mazoezi ya nguvu na ya kuzuia kuanguka. Yangu ya nguvu ni kuinuka kwenye kile kiti mara kumi bila kushika popote. Siku ya kwanza niliishia ya nne. Ya kuzuia kuanguka, nasimama mguu mmoja nikipiga mswaki, mkono karibu na ukuta. Vidonge sijaacha. Kibakuli cha chumvi mama watoto amekiondoa mezani. Na kifua kikibana sijikazi: nasimama, kisipoachia nakwenda hospitali.

Ijumaa iliyopita utingo alinikuta njiani natoka sokoni. Akanyoosha mkono anipokee mzigo, mazoea ya kazi. Nikamkatalia.