Kitabu kipya na Jumapili za nyumbani

Dada yangu wa Uyole, Bwana Yesu asifiwe. Umeuliza ufanyeje, kwa kuwa kitabu chako cha pili kimetoka, makanisa ya Tukuyu na Iringa yanakualika kila Jumapili ukitambulishe, na mumeo amesema kwamba watoto wamezoea kusali bila mama.

Mimi pia ni mwandishi, nami niliwahi kulikosea jambo hili. Nilirudi Mbeya kutoka Iringa, safari ya zaidi ya kilomita 300, nikiwa nimeuza nakala 40, nikamkuta binti yangu amelala na sare ya kwaya mwilini kwa sababu alitaka niione. Fedha ile sikuifurahia hata kidogo. Katika 1 Timotheo 3:5 Mtume Paulo anauliza atalitunzaje kanisa mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake, na sioni kwa nini swali hilo lisituhusu waandishi.

Keti na mumeo, kalenda ikiwa mezani, mchague Jumapili moja tu ya kila mwezi kwa ajili ya kitabu, na ikiwezekana mwende wote. Kwingineko, mwombe mchungaji akitaje kwenye matangazo ya ibada, kisha umtumie mwaminifu mmoja wa usharika huo nakala 10 kwa basi, kwa mali kauli, yaani alipe akishauza, mkiandikiana idadi na bei.

Tena, ikiwa kitabuni umesimulia habari za mumeo au watoto, usizisome madhabahuni kabla hawajakuruhusu. Pengine hapo ndipo penye kidonda kuliko hata safari zenyewe.