Hendeli ya kupandisha bledi ikiwa ngumu, usianze na grisi

Msumeno wa meza ukianza kugoma kupandisha bledi, wengi hukimbilia kopo la grisi. Liache kwanza. Chini ya meza vumbi la mbao linaruka muda wote wa kazi, na grisi iliyo wazi hulinasa. Baada ya muda unapata uji mweusi uliokauka katikati ya meno ya gia, na kila ukizungusha hendeli unazidi kuushindilia. Mara nyingi ugumu unaokusumbua leo ni grisi iliyopakwa zamani.

Chomoa waya kwenye soketi. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu mikono itaingia karibu na bledi. Kisha legeza kabisa kitasa kinachofunga kimo. Kwenye mashine nyingi kubwa kiko katikati ya gurudumu la hendeli. Kikibaki kimekaza hata kidogo tu, utahangaika na gia isiyo na kosa lolote.

Sasa zungusha polepole kutoka chini kabisa mpaka juu, mkono wako ukipima. Ugumu ulio sawasawa safari nzima ni uchafu au kutu, au kola, ile pete inayoishikilia shafti ya hendeli isisogee, imekazwa mno. Ukikutana na ugumu mara moja katika kila mzunguko wa hendeli, shaku shafti iliyopinda. Ukikutana nao kwenye kimo kilekile tu, kuna kibanzi cha mbao kimejibana kwenye jino la gia, au jino lenyewe limeumia. Ikigoma karibu na kilele, tazama kama vumbi limejaa kwenye kizuizi cha juu, au waya wa mota umenasa na unavutwa. Kupandisha kuwa kuzito kidogo kuliko kushusha si ubovu: kwenye mashine nyingi unainua bledi pamoja na mota yake.

Kwa usafi, vaa glavu, toa bledi na bamba la katikati ya meza, kisha mulika ndani kwa tochi. Vumbi linyonye badala ya kulipuliza, maana ukilipuliza linaingia kwenye mota. Mashine ndogo ya kubebeka ilaze kichwa chini juu ya blanketi. Kubwa ifungue mlango wa pembeni. Inamisha sehemu inayobeba bledi nyuzi 45 uione gia vizuri zaidi.

Chovya mswaki mgumu au brashi ya shaba kwenye mafuta ya taa, sugua skrubu ya kupandishia na meno ya gia, acha dakika 10 hadi 15, sugua tena. Utomvu wa msonobari uliokauka hautoki kwa brashi peke yake. Chonga kijiti cha mbao ngumu, pitisha ncha kwenye kila bonde la meno, na utaona vipande vyeusi vinang'oka kama ukoko. Zungusha hendeli yatokeze meno yaliyojificha, uendelee hadi kitambaa kitoke safi. Mafuta yasifike kwenye mkanda wala beringi, na usiwashe mashine kabla hayajakauka na harufu kuisha.

Kilainishi kinachofaa hapa ni kikavu: grafiti, au nta ya kung'arishia fanicha isiyo na silikoni. Silikoni ikigusa mbao, vanishi inakataa kushika. Paka kwa uchache, pandisha na kushusha mara 5 au 6, futa kilichozidi. Gia iliyofungwa ndani ya kasha ni jambo jingine. Hiyo fuata kitabu cha mashine, hata kikisema grisi.

Ikiwa kila kitu ni safi na bado ni ngumu, huenda gia zimesogezwa karibu mno. Hapa watu wengi hujiharibia. Meno huchakaa zaidi kwenye kimo kinachotumika kila siku, yale ya mwishoni yanabaki mazima. Ukiondoa mchezo wote wa gia, yaani ule ulegevu mdogo kati ya meno, bledi ikiwa kwenye kimo hicho cha kila siku, itakwama ikifika kwenye meno mazima. Kwa hiyo tafuta mahali panapobana zaidi, legeza bolti za marekebisho, ipe gia nafasi ndogo tu hapo, kaza, kisha jaribu safari nzima. Sehemu nyingine zikicheza kidogo, ziache zicheze.

Ukimaliza, rudisha bledi na uipime kwa guni, nyuzi 90 juu ya meza. Unapoweka kimo, malizia kwa kupandisha. Ukipitiliza, shusha chini ya alama kisha panda tena, la sivyo uzito wa mota utaziba ule mchezo katikati ya kazi, bledi itashuka, na mfereji utatoka na vina viwili.